Ndege Iliyoitwa Viraka

Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza meno ya watu asiowajua sura. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki ya hospitali, kina dirisha moja na meza moja ndefu iliyojaa plasta, nta na taa ya spiriti. Daktari akimletea chapa ya kinywa cha mgonjwa, aliigeuzageuza mkononi, akaisoma kama barua. "Huyu bibi ana hasira," angesema, "tazama alivyosaga magego." Na bibi mwenyewe akija kuvishwa meno, kliniki nzima ilisikia.

Majirani walimwita Fundi Meno, naye hakuchukia. Kazi yake aliijua, na alijua kwamba anaijua.

Mambo ya ndege yalimwingia akiwa ametimiza miaka arobaini. Alikwenda kwenye duka la vitu vilivyotumika kutafuta kiti, akaona sanduku la karatasi ngumu limepasuka pembe, juu yake imechorwa ndege ya mabomu ya wakati wa vita, ya injini mbili. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vidogo kwa vikubwa, vya kuunganisha mwenyewe kwa gundi.

"Hiyo iache, mama," mwenye duka alimwambia. "Kioo cha puani kimepotea. Haitakamilika."

Neno hilo lilimchoma. Tangu lini yeye, anayewarudishia watu kinywa kizima kutokana na jino moja lililobaki, akaambiwa kitu hakitakamilika? Akasahau kiti, akabeba sanduku. Jumamosi hiyo alichonga pua ya ndege kwa plasta, akalainisha karatasi ya plastiki angavu kwenye moto, akaivuta juu yake kama anavyofanya kila siku kazini. Ilipopoa, kioo kilikuwa chembamba na safi kuliko hata kile ambacho kiwanda kingetoa.

Toka siku hiyo hakuambilika. Ndege ya pili ikafuata, ya tano, ya kumi na moja. Alianza kuzifuata kama zilivyochorwa kwenye karatasi ya maelekezo, kisha akaanza kuzisahihisha: mlango wa mabomu akaufungua, injini akazivua vifuniko na kuzitia mabomba ya waya mwembamba kuliko unywele. Meza ya kulia ilitoweka. Mume wake, dereva wa basi la shule na mtu wa mizaha, aliwaambia wageni, "Wenzangu wanagombania kitanda na watoto. Mimi nagombania sahani na jeshi la anga."

Baba yake Fundi Meno alikaa nao, chumba cha uani. Alikuwa fundi bati maisha yake yote, mtengenezaji wa mifereji ya maji na ndoo, mzee mwembamba, mbishi, sikio moja limekufa kwa kelele za nyundo. Ujanani, wakati wa vita, alichukuliwa kwenye uwanja wa ndege za kijeshi kuziba matundu ya risasi. Hadithi zake za huko watoto wake walizisikia hadi wakachoka, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya ndege moja ambayo vibarua waliibatiza Viraka. Ilirudi siku moja mkia umeliwa na moto. Hapo uwanjani kulikuwa na ndege nyingine, toleo la baadaye, imeanguka ikavunjika pua lakini mkia mzima. Mafundi saba, yeye akiwa mdogo wao, wakaukata mkia ule, wakauvalisha Viraka kwa siku tisa. Rangi haikulingana, kimo hakikulingana, lakini iliruka.

"Baba anatia chumvi," kaka mkubwa alisema kila mara. "Mkia wa ndege si mkia wa kishada."

Mzee alikuwa akiinuka na kurudi chumbani kwake, na hilo lilimuuma binti yake kuliko matusi.

Basi mwaka ule chama cha waundaji wa ndege za mfano kilipotangaza maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, Fundi Meno alinunua sanduku jipya kabisa la ndege ya aina ile, akaketi, akachukua msumeno mwembamba kama wembe, akaukata mkia.

Mume wake alishika kichwa. "Mke wangu! Jana tu imetoka dukani!"

"Mkia huu si wake."

"Na wake uko wapi?"

"Kwa Baba."

Ushahidi uliokuwepo ulikuwa picha moja, kubwa kama kiganja, imefifia kuwa rangi ya chai. Ndani yake baba yake, angali kijana, amesimama wima kando ya mkia wa ndege, amevaa kaptura, magoti wazi, anacheka. Ndege yenyewe ilionekana nusu. Fundi Meno aliitazama picha siku nzima ya mapumziko. Angejuaje kimo cha mkia? Kisha akapata wazo.

"Baba, hebu simama ukutani nikupime."

Mzee alisimama, akajinyoosha, akapimwa, akakataa. "Mimi nilikuwa mrefu kuliko hivyo. Uzee umenipunguza."

"Umekupunguza mgongo, Baba. Mguu haupungui. Nipe goti."

Akapiga magoti mbele ya baba yake, akapima kutoka kisigino hadi juu ya goti: sentimita hamsini na moja. Akarudi kwenye picha na rula yake ya kazini. Mkia, kutoka ardhini hadi kileleni, ulikuwa na urefu wa magoti ya baba yake manane na nusu. Akagawa kwa arobaini na nane, kwa kuwa ndege yake ya mezani ilikuwa imepunguzwa mara hizo. Sentimita tisa. Wa kwenye sanduku ulipungukiwa karibu sentimita nzima.

"Unaona?" mzee aliuliza, sauti imempanda. "Ulikuwa mrefu au haukuwa mrefu?"

"Ulikuwa mrefu, Baba."

Mzee alirudi chumbani kwake akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa miezi minne walifanya kazi pamoja, yeye kwa vidole, mzee kwa mdomo. Mkia mpya aliuchonga kwa nta kwanza, akautoa kwenye plastiki ile ya waridi ya kutengenezea ufizi, akaupiga msasa mpaka ukawa laini. Mzee alikaa kando yake na chai, akimkosoa. Kiraka cha bawa la kulia kilikuwa cha mraba, si cha duara. Mkanda wa bati uliounganisha mkia na kiwiliwili ulikuwa na ribiti, vile vimisumari vya kubana bati, sitini na nne, safu mbili. Alizijua kwa sababu alizigonga mwenyewe, na siku ile ndipo sikio lilipoanza kuvuma. Binti alizitoboa moja moja kwa ncha ya sindano kwenye bati laini kama ganda la kitunguu. Ya arobaini alipokosea, alibandua mkanda wote akaanza upya. Mzee alimsogezea kikombe tu.

Siku moja mume alikaa akiwatazama, akauliza lililokuwa likimsumbua. "Mzee, hii si ilikuwa ikienda kuua watu?"

Mzee aliweka kikombe chake chini. "Waliokuwa chini nimewafikiria sana," alisema. "Usidhani sikuwafikiria. Lakini watu watano walipanda mle ndani wakitazama mikono yetu. Tundu likija, tuliziba. Hilo ndilo tulilopewa." Akamgeukia binti yake. "Rangi ya mkia iwe nzito zaidi. Ulikuwa mweusi kama sufuria."

Siku ya maonyesho ukumbi wa maktaba ulipangwa meza mbilimbili, na ndege zaidi ya sitini juu ya vitambaa vyeupe. Fundi Meno alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa washindani. Viraka ilikaa katikati ya ndege zinazong'aa kama mtu aliyekuja harusini na nguo za kazi: bawa lina kiraka, ubavu una dirisha lililozibwa kwa bati, mkia mweusi na mrefu kuliko haki yake. Mzee alikaa karibu na mlango kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti lililopigwa pasi mara mbili.

Jaji mkuu walimwita Kamusi. Alikuwa mkufunzi mstaafu wa mafundi wa ndege, mtu wa miwani mizito, na ilisemekana hajawahi kukosea. Alifika mezani kwa Fundi Meno, akainama, akainuka, akaandika kitu.

"Kazi ya mikono ni safi sana, mama," alisema. "Kwa bahati mbaya umekosea mkia. Huu ni wa toleo la baadaye. Haviendani."

Watu wawili watatu waligeuka. Fundi Meno alihisi masikio yakimwaka moto, lakini akapiga moyo konde.

"Sikukosea. Ndege hii ilibadilishwa mkia vitani."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Aliyeufunga yule pale mlangoni. Muulize."

Kamusi alimtazama mzee, akamtazama mama huyu, akafunga daftari lake. Alikwenda hadi mlangoni, na nusu ya ukumbi ikamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, sikio hili limekufa."

Kamusi akahamia upande wa pili. "Mzee wangu, binti yako anasema mlivalisha toleo la kwanza mkia wa toleo la baadaye. Sasa, mkia ule unashikwa na boliti nne. Mliziwekaje?"

Mzee alimkazia macho. "Nani kakudanganya nne?"

 Fundi Meno, aliyeujua ubishi wa baba yake, alitamani ardhi ipasuke.

"Nne unaziona ukiwa umesimama," mzee aliendelea. "Ya tano iko chini, nyuma ya gurudumu la mkia. Huioni mpaka ulale chali kwenye vumbi. Ile ndiyo iliyotutoa jasho, maana kwenye kiwiliwili hapakuwa na tundu lake. Tulilitoboa kwa mkono. Nililala chali siku mbili, vyuma vinaniingia machoni. Nikaweka na kipande cha bati ndani ili isitikisike. Wewe, bwana, umewahi kulala chini ya ndege ile?"

Kamusi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mara moja," alisema. "Nikiwa mwanafunzi, walikuwa nayo moja, mkweche wa kujifunzia. Mwalimu wetu alitutega kwa swali hilo hilo, tukafeli darasa zima." Akageukia watu. "Boliti ya tano hamtaikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma."

Akarudi mezani, safari hii hatua zake ni za haraka. Alinyoosha mkono kuinua ndege, kisha akausitisha, kwa sababu kanuni ilikataza kugusa. Fundi Meno akafungua mkoba, akatoa kioo kidogo cha duara chenye mpini, kile wanachoingiza kinywani kwa wagonjwa, akampa. Kamusi alikipitisha chini ya mkia. Akakaa hivyo muda mrefu, mtu mzima ameinama, shavu linakaribia kitambaa.

"Ipo," alisema. "Umeiweka."

"Alinieleza, nikaiweka."

"Mahali ambapo hakuna mtu angeona?"

"Yeye angejua," akajibu.

Kamusi alifungua daftari, akakata alichoandika mwanzo. Tuzo aliyompa ilikuwa ya pili, si ya kwanza, kwa sababu gurudumu la kushoto lilikuwa limelala kidogo. Fundi Meno alilitazama gurudumu akakiri kwamba ni kweli. Kaka yake mkubwa, aliyekuja kwa kuburutwa na mkewe, alikuwa amesimama nyuma ya kundi. Alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki, akashika mkono wa baba yake, na walichoambiana hawakukisema kwa mtu.

Ndege zilizoshinda zilibaki kwenye kabati la kioo la maktaba kwa mwezi mzima, kila moja na kadi yake. Kadi ya Viraka ilikuwa na mstari mmoja: jina la mtengenezaji. Fundi Meno alikata mstari ule, akaigeuza kadi upande wa nyuma, akachora mistari saba.

"Baba, nitajie."

Mzee akaanza kutaja, mmoja mmoja, na kazi ya kila mtu: aliyeshika msumeno, aliyepaka rangi, ndugu wawili waliobeba mkia mabegani kutoka upande wa pili wa uwanja kwa sababu gari halikupatikana. Alitaja la kwake la sita. La saba likakataa. Alifumba macho, akapigapiga goti. "Tulimwita Kijiko. Jina lake, jina lake hasa..." Kadi iliwekwa kabatini na mstari mmoja mtupu, na njia nzima ya kurudi nyumbani mzee aliendelea kupigapiga goti. Jumapili hakula vizuri.

Jumatatu asubuhi, mume akiwa mlangoni na funguo za basi na Fundi Meno akifunga vifungo vya koti lake jeupe la kazini, kishindo kilisikika chumba cha uani. Mzee alitoka na kiatu kimoja mguuni, analia na kucheka, anatamka jina la mtu. Alilirudia mara tatu, kama anayeogopa litamponyoka tena.

"Twende," mume alisema. "Maktaba iko njiani."

Haikuwa njiani hata kidogo. Wanafunzi thelathini walifika shule wakiwa wamechelewa siku ile, na walipoulizwa na mwalimu wakasema basi lilisimama mbele ya maktaba, mama mmoja mwenye koti la daktari akashuka mbio na kalamu, na mzee aliyekaa kiti cha mbele akawa anampigia kelele kupitia dirishani, herufi moja baada ya nyingine, asije akakosea.