Wageni wa Mtandao Waanzie Nyuma ya Jabali

Mwanangu, siku nilipowapokea wageni wa mtandao pale chuoni naikumbuka hadi shati nililovaa. Lilikuwa jeupe, nimelipiga pasi mwenyewe, maana mtu wa darasa la saba kama mimi hakuwa amezoea kuitwa kwenye mambo ya wasomi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mtunza funguo wa chuo kimoja huku Ilemela, kilichojengwa mlimani katikati ya mawe. Kazi yangu kufungua milango na kuifunga, basi.

Chuo kilikuwa kinatafuta kampuni ya kufunga waifai. Kamati ikataka kampuni zije zionyeshe uwezo wao, na mimi nikaambiwa niwatembeze wageni. Wa kwanza kufika alikuwa Festo. Namtaja kwa jina kwa sababu hajawahi kuniomba radhi.

"Kaka Maduhu," akaniambia, "mwenyeji hapa ni wewe. Nipeleke mahali pazuri."

Na mimi nikampeleka pazuri. Unajua tulivyolelewa. Mgeni akifika unamkalisha sebuleni, unamfutia kiti, humpitishi uani akaona masufuria meusi. Nikamfungulia ukumbi mkubwa, madirisha yanatazama ziwa, tena wanafunzi wote wako likizo. Festo akaning'iniza kifaa kimoja tu, na picha kwenye simu za wanakamati zikafunguka papo hapo. Daktari Laurent, mwenyekiti wa kamati, akapiga makofi. Tukala sato wa kukaanga. Kampuni nyingine mbili zilikuja zikaondoka bila kuulizwa swali la maana, kazi akapewa Festo.

Sasa nyuma ya ukumbi ule kuna jabali refu kuliko ghorofa, na nyuma ya jabali ndipo lilipo bweni la wasichana. Nililijua. Funguo zake zilikuwa kiunoni mwangu wakati Laurent anapiga makofi. Nikanyamaza, nikasema moyoni nani atamsikiliza mbeba funguo.

Wanafunzi waliporudi, balaa. Bwenini mtandao haufiki. Nyaya Festo alizilaza peupe juu ya jabali kama kamba za kuanikia nguo, na pimbi wanaoishi kwenye mawe yale wakazitafuna. Tukimpigia simu, kila siku yuko safarini.

Kulikuwa na binti anaitwa Esta, mwaka wa mwisho, baba yake mkulima wa pamba kule Magu. Ripoti yake ilitakiwa ifike kwa mtandao kabla ya saa kumi jioni. Akapanda jabali na kompyuta yake kutafuta mtandao, na mvua ndiyo kwanza imekatika. Nilipomwona nikapanda kumshusha. Tukateleza wote wawili. Yeye alichubuka, kompyuta ikapasuka, ripoti haikufika, akaambiwa arudie mwaka. Mimi nina chuma pajani mpaka leo, na daktari wa hospitali aliniambia wazi kwamba ningetangulia kichwa tungekuwa tunaongea mengine.

Hospitali alikuja kuniona Mama Kokugonza, mlezi wa bweni lile, mama wa Kibukoba asiyezunguka maneno. Nikampa shikamoo, akaitikia, akavuta kiti.

"Maduhu, yule mgeni ulimpeleka sebuleni?"

"Ndiyo, mama."

"Sisi wa uani ulidhani tumehama?"

Nikaanza kumlaumu Festo, nikahamia kwa Laurent. Mama yeye anamenya ndizi tu. Akanipa kipande.

"Walaumu, wanastahili," akasema. "Lakini funguo alikuwa nazo nani?"

Sikulala vizuri wiki nzima, na si kwa sababu ya mguu.

Mkataba wa Festo ulipofika mwisho, zabuni ikatangazwa upya. Na Festo huyo, karudi, anatabasamu vilevile. Laurent ameshaagiza viti vipangwe ukumbini. Nikasimama mlangoni na gongo langu la kutembelea.

"Daktari, shikamoo. Leo ukumbi sifungui. Tunaanzia bwenini."

"Maduhu, hawa ni wageni. Unataka tuaibike?"

"Aibu ninayo tayari, Daktari, iko pajani. Ukitaka nikuonyeshe."

Wanakamati wakacheka. Laurent akatangulia njia. Kampuni moja kati ya tatu zilizokuja, iliposikia tunaanzia bwenini, iligeuza gari yenyewe.

Mama Kokugonza alishapanga jeshi lake. Wasichana wote vyumbani, milango imefungwa, kila mmoja na simu au kompyuta. Chumba cha mwisho kabisa, kinachogusana na mwamba, alikaa Esta. Ripoti yake ilikuwa tayari, na siku ya mwisho ya kuituma ilikuwa kesho yake.

Festo akafunga kifaa chake mlangoni mwa bweni. Sauti zikaanza kutoka vyumbani.

"Cha kwanza, upo."

"Cha pili, upo."

"Cha tatu unasuasua."

"Cha nne, mtandao gani mnaousema?"

Korido nzima ikacheka. Kwa Esta kiduara kinazunguka tu. Festo akajitetea kwamba ukuta ni mnene.

"Baba, ukuta ulikuwepo kabla yako," Mama Kokugonza akamjibu.

Akafuata fundi Nyanjige, dada aliyekulia Busisi. Kabla hajafungua sanduku lake akaniuliza, "Kaka, wapi panasumbua kuliko pote?" Nakwambia nilitaka kumbeba. Akalizunguka jabali kwa miguu, akagonga kuta kwa kidole. Akaweka vifaa vitatu vidogo ndani ya korido, waya akaupitisha kwenye bomba la chuma. "Pimbi nawajua," akasema, "walimaliza waya wa redio ya baba."

Sauti zikaanza tena. Cha tatu, upo. Cha nne, upo. Cha saba, upo. Nazifuata na gongo langu, karibu nikimbie. Nikafika mlangoni kwa Esta. Nikatega sikio.

"Imepokelewa," Esta akasema, taratibu, kama anayeogopa kuiamsha. Kisha akalia, na Mama Kokugonza naye, na mimi nikajifanya naangalia bomba.

Nyanjige alipewa kazi. Mwaka wa Esta hakuna aliyemrudishia, wala Festo, wala Laurent, wala mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiitwa kwenye kamati ya namna hii, usiseme huna elimu. Kama unajua mahali panapouma, wewe ndiwe mwalimu siku hiyo. Muuzaji mpeleke uani kwanza, muhula ukiwa umepamba moto, wenye shida wakiwa ndani. Anayeuliza panasumbua wapi kabla ya kufungua sanduku, huyo msikilize. Anayetaka mahali pazuri, mpe maji ya kunywa, umsindikize. Na funguo zikiwa kiunoni mwako, usinyamaze.

Mungu akujalie macho yanayoona nyuma ya jabali, na sauti isiyotetemeka mbele ya wakubwa. Na akuepushe na gongo kama hili langu.