Buibui Kwenye Friji la Soda

Augustino alikuja Stockholm kusoma, akasoma mpaka vitabu vikamwonea huruma, akatoka daktari wa viumbe wa chini ya bahari. Si bahari hizi za watu. Ile ya Antaktika, chini ya barafu, ambako buibui wa baharini ana ukubwa wa sahani na hutembea kama mtu aliyetumwa asikotaka. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wachache walioletwa kwenye matangi ya maabara. Kazi ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri, ilikuwa kuwahutubia Watanzania. Ubatizo, msiba, maulidi, popote penye wali, Augustino alisimama akagonga glasi: "Ndugu zangu, maji ya kusini yanapata joto!" Wali nao unapoa. Watoto wakimwona ameshika glasi tu, wote wanabanwa na haja.

Basi Julai hii likaja joto la kulainisha lami. Maprofesa, ambao mwaka mzima hulia kwamba dunia inaungua, wakafunga ofisi, wakaenda kuota jua kwenye vijumba vyao vya visiwani. Augustino akaachiwa buibui. Naye, msomi wa watu, Ijumaa asubuhi akawachungulia mara moja, kisha akaenda ufukweni Fisksätra, nje ya mji, kulala juu ya mwamba, tumbo juu, kama nguo iliyoanikwa.

Anarudi maabara jioni: mashine ya kupoza maji imekufa. Maji yaliyotakiwa kukaribia kuganda yamekuwa vuguvugu. Nyota wa baharini wamelegea kama chapati za jana. Buibui watatu tu ndio wanatikisa miguu. Akawapigia wakubwa. Kila simu ikamjibu kwa sauti tamu kwamba mwenyewe atarudi Agosti.

Akawatia buibui kwenye ndoo ya plastiki, akaizungushia barafu, akakumbuka friji kubwa la ukumbi wa sherehe za Watanzania, akapanda treni hadi Fittja, ndoo mapajani, huku akiipepea. Jirani yake akahama kiti. Kisha behewa zima likahama.

Ukumbini alimkuta Dorothy, mpishi wa sherehe, akipanga soda kwenye friji la vioo kwa ajili ya harusi ya Anitha, binti wa Kitanzania mwenzao, kesho yake.

"Dada Dorothy, nisaidie friji. Wakikaa nje hadi asubuhi, wamekwisha."

Dorothy akafunua ndoo. Akafunika haraka. "Haya madudu ndiyo yanatupozea wali miaka yote? Hata mchuzi hayatoi!"

"Dada yangu, nakuomba."

"Friji utapata, soda natoa zote. Lakini kesho hushiki glasi. Neno moja tu la bahari likikutoka, ndoo nje, soda ndani."

Hotuba ya harusi alikuwa ameiandaa tangu Pasaka. Akaitazama ndoo. Buibui mmoja akanyoosha mguu, taratibu.

"Sawa," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Siku ya harusi soda zilikuwa za moto kama uji. Khamis, mwenye gari kubwa kuliko nyumba yake, akaenda mwenyewe kwenye friji, akapiga yowe la kutisha maiti. Watu wakajaa.

"Dokta, nini hiki?"

Augustino akafungua mdomo. Dorothy akashika mpini wa friji. Mdomo ukafungwa.

"Tulieni, nawaambia mimi," akasema Dorothy, ambaye hotuba zote za Augustino alizisikia akipakua wali, mwiko mkononi. "Huyu ni mtoto. Mama yake ni mkubwa kama ng'ombe!"

Augustino akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Kwao baridi ndiyo ukuta wa nyumba. Kaa wenye makucha hawathubutu kupita. Sasa ukuta unayeyuka, kaa wananusa mlangoni. Na milima ya barafu inakatika, inakwangua sakafu ya bahari kama jembe, kila kilichoota pale chali!"

Wageni wakasogea karibu. Hata watoto, ambao Kiswahili hukijibu kwa Kiswidi, walitoa macho.

"Sasa sisi tunahusikaje?" akauliza Khamis.

"Wewe gari lako linanguruma nje tangu saa nane, halina mtu, eti ukirudi ulikute na ubaridi. Halafu unauliza!"

Watu wakacheka mpaka Khamis akatoka. Punde ngurumo ikanyamaza. Augustino, kwa hotuba zake zote, hajawahi kuzima hata kibiriti.

"Na mayai," Dorothy akaendelea, utamu umemkolea, "mama anayabeba mgongoni, makubwa kama maboga!"

Augustino akatokwa jasho. Mayai hubebwa na baba! Na ni madogo! Binti mmoja akamvuta shati: "Ni kweli, Dokta? Kama ng'ombe?"

Akautazama mkono wa Dorothy kwenye mpini. Akawatazama buibui, watatu, wazima.

"Ng'ombe," akasema, maana ng'ombe si neno la bahari. "Tena mwenye mimba."