Friji Ikiwaka, Picha Inakufa

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na alikuwa kiziwi tangu alipougua homa ya utotoni. Nusu ya sare za shule za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Cherehani yake aliijua kwa ncha za vidole: ikitaka kukwama, aling'amua kabla uzi haujakatika. Jiko lake lilikuwa dogo mno, kwa hiyo cherehani, kompyuta ya mezani, friji na kiti kimoja cha wageni vilibanana sebuleni kama abiria wasiojuana.

Kompyuta ile ilikuwa na kazi moja tu. Kila Jumapili mchana binti yake, aliyehamia nchi ya mbali na mumewe, alitokea kwenye kioo, wakazungumza kwa mikono kama walivyozoea tangu binti angali mdogo. Sasa binti naye alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, aliyekuwa akimfundisha lugha ya alama ili apate kuongea na bibi yake. Hapo ndipo palipouma. Kila mtoto alipopakatwa mbele ya kioo, haikuchukua muda picha ikaganda, kisha mazungumzo yakakatika. Mtoto hakungoja. Alishuka mapajani akaenda zake.

"Mama, usikasirike," binti alisema Jumapili moja, mikono yake ikisitasita. "Jana alionyesha picha yako ya ukutani, kisha akaonyesha kompyuta. Anadhani ni kitu kimoja. Anadhani wewe ni picha."

Mama Pindo alicheka ili binti asilie. Picha ilipoganda tena, kicheko hicho kikamtoka usoni, akabaki ameikunja mikono yake mapajani kama nguo asiyojua ni ya nani.

Mkwewe alishauri waandikiane ujumbe. Ulikuwa ushauri mwema wa mtu anayesikia, ila mtoto wa miaka mitatu hasomi.

Kampuni ya mtandao ilipokea malalamiko kwa njia moja tu, nayo ni simu. Katika ofisi nzima, yenye viti vya kuzunguka na mabango ya kujisifu ukutani, hakuna aliyejiuliza kiziwi atalalamikaje. Pesa yake waliipokea bila kumtaka aseme neno. Shida yake ndiyo waliyoitaka kwa sauti. Mdogo wake, muuza nyama mwenye sauti ya pipa, akajaribu kupiga kwa niaba yake. Akaambiwa lazima azungumze mwenye laini mwenyewe.

"Mwenyewe ni kiziwi," alieleza.

"Sawa, basi mpe simu nimsikie."

Akakata. Akabana koo, akapiga tena kwa sauti nyembamba.

"Haloo, mwanangu. Ni mimi mwenye laini."

"Pole, mama. Una mafua?"

"Mafua makali, mwanangu. Yananimaliza."

Mama Pindo, aliyekuwa akiisoma midomo yake, alijishika mbavu. "Mafua gani hayo," alisema kwa mikono, "yanayoota na ndevu?"

Fundi wa kampuni akaja. Alisimama mlangoni, akamhoji muuza nyama, wala hakumtazama mwenye nyumba hata mara moja. Mama Pindo akamgusa mdogo wake begani, akamwambia jambo. Muuza nyama akatikisa kichwa, asitafsiri. Fundi akapima kasi ya mtandao kwa simu yake, akatangaza kwamba laini ni nzima, akaondoka.

Ndipo muuza nyama akamleta fundi wa kompyuta kutoka kibanda kinachotazamana na bucha lake, mwanamke wa makamo aliyeitwa Bisibisi kwa kuwa hakutoka nyumbani bila hiyo. Akafungua kasha la kompyuta, akapuliza vumbi na vipande vya nyuzi, akachomoa memori, akaifuta, akairudisha. Akabadilisha waya unaotoka kwenye ruta, kisanduku kinacholeta mtandao. Kote huko hakukuta ubovu. Mwishowe akaweka bisibisi chini, akasogeza kiti hadi dirishani ili mwanga umwangukie usoni, akamkabili Mama Pindo.

"Wewe ndiye unayeketi hapa," alisema taratibu, bila kupaza sauti. "Unaona nini kabla picha haijaganda?"

Mama Pindo hakuwa amejiandaa kuulizwa. Kisha mikono yake ikasema, na Bisibisi akamgeukia muuza nyama.

"Anasemaje?"

"Aa, hakuna kitu. Mambo yake tu."

"Nimekuuliza anasemaje. Sijakuuliza unaonaje."

Muuza nyama akajikuna shingo. "Anasema friji ikiwaka, picha inakufa. Anaisikia kwa nyayo, eti sakafu inatetemeka. Lakini friji na mtandao, wapi na wapi?"

"Alimwambia fundi wa kampuni?"

"Aliniambia mimi nimwambie." Akaitazama friji. "Niliona atatucheka."

Mama Pindo aliliona neno hilo likitoka mdomoni mwake. Tangu utotoni mdogo wake alikuwa amemsemea dukani, hospitalini na mbele ya walimu, na hakuwahi kuchoka. Lakini kumsemea mtu ni amana. Anayechagua lipi lifike na lipi lizame amejitwalia sauti isiyo yake, hata akifanya hivyo kwa mapenzi.

"Umeyameza maneno yangu mara ngapi?" aliuliza.

"Dada..."

"Mara ngapi?"

"Nyingi." Mikono yake, iliyozoea kupasua mifupa, ilishika ukingo wa meza. "Nilidhani nakulinda."

"Nilinde na mbwa. Watu niachie mwenyewe."

"Anasemaje?" Bisibisi aliuliza.

Muuza nyama akamgeukia. "Anasema nimlinde na mbwa. Watu nimwachie mwenyewe."

Mama Pindo aliitazama midomo yake hadi neno la mwisho. Halikupungua hata moja. Akampigapiga goti.

Bisibisi aliacha mlango wa friji wazi ili joto liingie, wakangoja. Mota ilipoanza, Mama Pindo akainua kidole, na papo hapo taa za ruta zikazimika zote, kisha zikaanza kurudi moja moja. Vyombo vyote vilichomekwa kwenye ekstensheni moja. Bisibisi akaifungua: vyuma vya ndani vilikuwa vimelegea na kuungua.

"Friji ikianza inavuta umeme kwa nguvu," alisema, "na hii imechoka. Ruta inapungukiwa, inazima, inajiwasha upya. Wapi na wapi, ndugu yangu? Hapa hapa."

Friji ikahamishiwa kwenye soketi yake ya ukutani, ekstensheni ikatupwa.

Jumapili mtoto alipakatwa kama kawaida, akamtazama bibi yake kwa mashaka. Sakafu ikatetemeka. Mama Pindo akakaza mikono, akangoja. Picha haikuganda. Akatoa ulimi. Mtoto akatoa wake. Akajificha chini ya meza, akaibuka. Mtoto akapiga kelele ambazo bibi aliziona kwa upana wa mdomo, kisha vidole vidogo vikaunda neno: tena. Wakarudia hadi magoti ya Mama Pindo yakalalamika. Mwishowe mtoto akachoka mwenyewe. Akasema kwa mikono, kwa makosa mengi, kwamba anataka maziwa na kwamba bibi angoje. Akashuka, mama yake akamfuata.

Kwenye kioo kikabaki kiti kitupu, na nyuma yake pazia likipeperuka.

"Wameondoka," muuza nyama alisema kutoka kiti cha wageni. "Mbona huzimi?"

"Nimeambiwa ningoje," Mama Pindo alijibu, akalitazama pazia.