Ngazi Saba za Bi Schäuffele

Baraza la mji wa Kirnfelden limetangaza, kwa muhuri na sahihi mbili, kwamba mtaa wa kale umesimama kama ulivyo tangu karne ya kumi na tano, na kwamba hakitaongezwa humo kitu chochote ambacho watu wa zama hizo wasingekitambua. Tangazo limebandikwa kwenye mashine ya kulipia maegesho.

Nakala moja ilipelekwa kwa Bi Irmtraud Schäuffele, mjane wa miaka themanini na mitano, kwa sababu ya chuma. Msimu wa baridi uliopita aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake, akamwita fundi bomba amwekee cha kushikilia kando ya ngazi zake saba. Bila chuma hicho hashuki, na asiyeshuka hafagii. Mtaani kwetu, kibao cha zamu ya kufagia kikitundikwa kwenye kitasa chako nawe usifagie, afadhali ungekuwa umeua mtu.

Aliyemshtaki ni jirani wa ukuta mmoja, Bwana Volkmar Häberle, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha historia ya mtaa. Alikuja kukipima chuma kwa futi.

"Habari za asubuhi, Bi Schäuffele. Umeacha majani ngazi ya tatu."

"Ya mti wako hayo, Bwana Häberle. Nimekuachia usije ukasema nimekuibia."

"Na hili bomba la choo mlangoni?"

"Likikukera tazama upande mwingine. Miaka arobaini unachungulia huku tu, hata shingo haikuumi?"

Wiki iliyofuata akaja mama wa Ofisi ya Majengo ya Kale, Bi Brandstetter, na faili kwapani. Alikitazama chuma kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu.

"Kitolewe. Karne ya kumi na tano hawakuwa na kitu kama hiki."

"Na miaka themanini na mitano pia hawakuwa nayo," alijibu mjane. "Sikiliza, binti. Saruji ya ngazi hizi nilikoroga mimi, mwaka hamsini na tatu. Nyumba kajenga baba yangu. Vita vilipokwisha hapa palikuwa kifusi kitupu, ukisimama hapa unaona hadi stesheni."

Bwana Häberle akakohoa. Juu ya mlango wake pamechongwa 1475. "Uzee nao unachanganya," alisema.

"Nyamaza wewe! Yenu ilikwisha baada ya yetu. Mama yako alikuwa anakuja kwetu kuomba misumari."

Bi Brandstetter hakubishana. Alitoa kwenye faili fomu ya 1974, mwaka mji ulipoorodhesha nyumba zake za kale. Wakati ule kila mwenye nyumba aliandika mwaka wa nyumba iliyoungua vitani, si wa ile aliyokuwa amekaa ndani yake akiandika. Hakuna aliyeona ni uongo. Ilikuwa heshima kwa marehemu.

"Hapa pameandikwa 1487. Sahihi ya nani?"

Bi Schäuffele alivaa miwani, akaivua. "Yangu. Lakini huyu aliandika 1475! Mimi ningeandika nini, nichekwe? Haya, futa. Andika hamsini na tatu."

"Nikifuta moja, itabidi nichunguze mtaa mzima."

Madirisha, ambayo yote yalikuwa yameachwa wazi kidogo, yakafunguka kabisa.

"Bi Schäuffele, usituharibie mtaa!"

"Ling'oe hilo bomba, mama, yaishe!"

"Hata kufagia kwenyewe hufagii vizuri!"

Mimi pia nilikuwa dirishani. Nyumba yangu ni ya 1492.

Chuma kiling'olewa Jumanne. Oktoba kibao cha zamu kikafika kwenye kitasa cha mjane, kikaning'inia pale wiki mbili bila ngazi kuguswa, na ya tatu barua ya malalamiko ikaandikwa kwa baraza, yenye sahihi za majirani kumi na mmoja. Novemba watu wawili walimshusha kwa kiti hadi kwenye gari. Bwana Häberle alifagia nyuma yao.

Sasa Bi Schäuffele anakaa katika nyumba ya wazee, ng'ambo ya reli, kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha bia. Lilijengwa mwaka 1768, mabomu hayakulifikia, na lina vyuma vya kushikilia pande zote za ngazi. Halimo kwenye orodha ya nyumba za kale.