Magurudumu Aliyosuka Baba

Mwezi uliopita nilirudi Shinyanga kusaini karatasi za kiwanja cha bibi. Nilikuwa nakatiza mtaa wa nyuma ya soko, bajaji zikinipigia honi, mara akanipita mzee mmoja akikokota baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda. Kila lilipozunguka liliegemea kushoto, likagusa chuma, likalia, kisha likajirudi. Nilisimama pale na bahasha yangu mkononi mpaka sauti ile ikapotelea upande wa stesheni. Wewe ungepita tu. Mimi nimekua na sauti ile.

Nyumbani tulikuwa wawili, bibi na mimi, kijijini, ndani kidogo kutoka barabara ya Kolandoto. Mama alirudi kwao Kahama nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, akaolewa huko. Baba alikuwa mkulima wa pamba. Mwaka ambao mvua zilikatika mapema alikunja shuka lake, akasema anakwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu na atarudi kabla ya msimu wa kupanda. Nilikuwa darasa la tano. Msimu ukafika, tukapanda sisi.

Siku za nyumba ile zilikuwa ndefu. Asubuhi uji wa mtama, jioni ugali na mlenda, na katikati yake tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vinavyoanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu, ambavyo bibi alivichemsha akavichanganya na karanga za kutwanga. Bibi hakuwa msemaji. Aliongea zaidi na kuku wake, tena kwa Kisukuma cha zamani ambacho nusu yake sikukielewa. Mtu akitokea njiani, bibi alisimama mlangoni na ungo mkononi, akamtazama mpaka ajulikane ni nani. Na mimi nikazoea kusimama hivyo.

Baiskeli ililetwa na mchimbaji mwenzake baba, nilipokuwa nimeanza kidato cha kwanza. Ilikuwa na fremu nyeusi, keria ndefu na kengele mpya. Yule mchimbaji alieleza kwamba baba alipata fremu kwa mtu aliyekuwa anahama machimbo, kisha akaokoteza ringi huku na spoki kule, akakaa Jumapili mbili nje ya turubai lao akisuka magurudumu mwenyewe.

"Amesema ni ya mtoto, ya kwendea shule," alisema.

Bibi akamuuliza kama mwanawe anakula. Akasema anakula. Akamuuliza anarudi lini. Mchimbaji akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Nilivyoipenda baiskeli ile siwezi kukueleza. Lakini magurudumu yake yalikuwa mabaya. La mbele liliyumba kama mtu anayekataa kwa kichwa, la nyuma lilidunda hata kwenye njia tambarare. Baba alikuwa amechanganya spoki za urefu tofauti. Fupi zilivutwa mpaka mwisho, ndefu zilichomoza ndani ya ringi zikatoboa tyubu. Karibu kila wiki spoki moja ilikatika, na kila ilipokatika nilishuka, nikaizungushia kwenye ya jirani yake, nikaendelea. Shule ilikuwa mbali. Njiani nilikuwa peke yangu, mashamba ya pamba kulia na kushoto, na sauti ya chuma kikikwaruza chuma. Wakati huo simu ya baba ilikuwa imeacha kupatikana. Ikawa zaidi ya mwaka. Sauti ile ndiyo habari pekee niliyokuwa nayo kutoka kwake.

Nikiwa kidato cha pili, mtihani wa taifa umekaribia, gurudumu la nyuma lilivunjika nikiwa kwenye mteremko. Nilianguka nikachubuka kiwiko mpaka nyama. Nilifika shule saa tano, nimebeba daftari kwenye sketi iliyochanika. Mwalimu wa darasa alinitazama, akanipeleka kunawa jeraha, ndipo akasema, "Siku ya mtihani lango linafungwa saa mbili. Itengenezwe, au uiache."

Fundi wa baiskeli alikuwa jirani yetu, mzee mpole aliyefanyia kazi chini ya kibanda cha mabua. Alilipindua gurudumu, akalizungusha mara moja tu, akalisimamisha kwa kiganja.

"Hapa kuna njia tatu," alisema. "Nikaze spoki hivi hivi, ufike wiki ijayo. Au mkanunue mjini gurudumu lililokwisha kusukwa. Au tufumue yote mawili, tutupe spoki hizi, tusuke upya."

"Kaza," bibi alisema.

"Mama, nikikaza litavunjika tena."

"Mwanangu alilisuka kwa mikono yake. Hujui kama atapata nafasi ya kusuka lingine. Kaza."

Fundi alikaza. Lilidumu siku nne.

Jumamosi nililifunga gurudumu lile kwenye kanga mgongoni, nikaenda mjini bila kumwambia bibi. Kulikuwa na duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi, lililonuka mpira mpya na udi. Nilitaka aniambie kwamba kukaza kunatosha. Alivaa miwani, akapima spoki moja moja kwa rula ya chuma.

"Nani amesuka hili?"

"Baba."

"Baba yako si fundi," alisema kwa upole. "Lakini tazama hapa katikati, hii habu. Hii ni nzima kabisa, siku hizi hata mimi sipati kama hii. Na ringi haina ufa. Alichagua vizuri. Spoki ndizo zilimshinda." Akaondoa tairi ili anioneshe jinsi zilivyochomoza, na chini ya tyubu tukakuta kitambaa kilichozungushiwa ringi yote kuzuia ncha zisitoboe. Kilikuwa cha bluu. Nilikijua. Baba alikuwa na shati moja tu la kwendea kanisani, na tundu la kifungo lilikuwa bado lipo.

Mzee akageukia rafu zake, akajishughulisha na makopo ya nati mpaka nilipomaliza kulia.

Nilirudi nikamkuta bibi mlangoni. Nilimpa kitambaa. Alikishika, akakinusa, akaingia nacho ndani. Sikumfuata. Nilikaa uani na gurudumu mapajani mpaka jua likashuka, nikipitisha kidole kwenye zile spoki. Zilizokazwa sana zililia kwa sauti kali, zilizolegea hazikulia kabisa. Nilijua lipi la kufanya. Kilichonishinda ni kwamba nikishazifungua, hakuna atakayeweza kuzirudisha alivyoziweka. Na kama baba hatarudi, nitakuwa nimefumua kazi yake ya mwisho kwa sababu ya mtihani.

Bibi alitoka na sahani ya michembe, akaketi kando yangu.

"Baiskeli alikuletea wewe," alisema. "Hakuniletea mimi. Amua."

"Habu na ringi zitabaki zake," nilimwambia. "Spoki tu ndizo zitatoka."

Kesho yake bibi alikamata jogoo wake mkubwa na kumpeleka mnadani, na jioni akarudi na mafungu mawili ya spoki mpya kwenye karatasi.

Fundi alinipa spana. "Anza wewe," alisema. Ya kwanza ilikataa kwa kutu, nikakaza mkono mpaka ikalia, ikaachia. Baada ya hapo zilitoka haraka kuliko nilivyotaka. Tulisuka kwa alasiri tatu. Alinifundisha kuzipishanisha, kukaza kidogo kidogo nikizunguka, na kuzigonga kwa ukucha mpaka zote zitoe sauti moja. Gurudumu lilipozunguka bila kugusa chochote, tulilitazama mpaka likasimama. Nilifaulu ule mtihani. Lakini niseme ukweli, asubuhi ile ya kwanza njiani, baiskeli ikienda bila sauti, ndiyo siku niliyojisikia mpweke kuliko siku zote.

Baba alirudi nikiwa kidato cha nne. Alikuwa amekonda, anakohoa vumbi la mashimo, na alimwamkia bibi "mwangaluka" kwa sauti ya mgeni. Siku ya pili alichukua baiskeli akaenda mjini. Aliporudi aliiegemeza ukutani, akalizungusha gurudumu la nyuma, akalitazama linavyokwenda. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu aje.

"Mnaona," alisema. "Nilivyoyasuka ndivyo yalivyo mpaka leo."

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama. Alinitazama mimi, wala hakumtazama yeye.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Hayajawahi kunisumbua."

Bibi akaendelea kupepeta. Hatukulizungumza tena, hata sisi wawili. Baba alikaa siku tisa, akarudi machimboni. Kifua kilimshinda nikiwa chuoni, tukamleta kumzika nyumbani. Fundi alifuata, na bibi mwaka juzi.

Nilipomaliza kusaini zile karatasi nilipanda bodaboda mpaka kijijini. Nyumba imeanguka upande mmoja, na mahali pa kibanda cha fundi pamesimikwa nguzo ya umeme. Binti mmoja mwenye sare za shule alipita kwa miguu. Nilimwamkia kwa Kisukuma, akaniitikia "shikamoo" akaenda zake. Nilikaa juu ya tofali mpaka dereva akaniita.

Miaka hii yote nimejiuliza kama baba hakujua kweli. Mtu aliyekaa Jumapili mbili na spoki zile mikononi, anawezaje kusahau zilivyokuwa? Labda alizitazama akaelewa, akaona aniachie nafasi ya kumjibu vile. Bibi angeweza kuniambia, kwa sababu alimjua tangu akiwa mchanga. Sikumuuliza alipokuwepo. Sasa hakuna mwingine aliyekuwa uani siku ile.