Yule Aliyepita na Sanduku Begani

Juzi nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu hapa Masasi, mbele ya runinga kubwa niliyoinunua kwa jasho langu mwenyewe, naangalia filamu ya mapigano. Haikuwa mbaya, haikuwa nzuri. Ilikuwa filamu ya kuanua nguo. Ndivyo ninavyoziita zile ambazo unaweza kutoka uani, ukaanua nguo zote kwenye kamba, ukarudi, na hujapitwa na kitu. Mwishoni steringi akafa. Binti yangu mdogo akaanza kulia. Nikamwambia, "Nyamaza, mama. Huyo utamwona tena wiki ijayo, kavaa kofia nyingine."

Mama yake akacheka. Mimi yale maneno yalinirudisha mbali. Mara ya kwanza kuyasema nilikuwa na miaka tisa au kumi, nilikuwa namwambia bibi yangu, na siku ile hakuna aliyecheka.

Kama hunifahamu, rafiki yangu, nikwambie tu kwamba shule niliishia darasa la nne. Leo nina maduka mawili, nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinne, na lori linalokwenda hadi Tunduru. Wenye vyeti vyao wanakuja kwangu kukopa sukari. Lakini kabla ya hayo yote, cheo changu cha kwanza duniani kilikuwa cha ujuzi wa sinema, na nilikipata Mnyambe, kule juu Newala, katika ghala la korosho.

Wewe utashangaa, sinema ghalani? Tena mchana? Ndiyo, bwana. Vita vya Wareno vilikuwa vinawaka ng'ambo ya Ruvuma, na tuliambiwa usiku mtu asiwashe taa kubwa nje, ndege zisije zikatuona. Kwa hiyo gari la sinema la serikali lilipofika kijijini, wanaume walifunga milango ya ghala, wakaziba matundu kwa magunia, na shuka jeupe likatundikwa ukutani saa tisa alasiri. Ndani kulikuwa na giza, joto, harufu ya mafuta ya maganda ya korosho na ya watu mia mbili waliotoka shambani. Nje jua linawaka, ndani tunaangalia theluji.

Kiingilio kilikuwa maji. Sakafu ya ghala ilikuwa vumbi tupu, na vumbi likipanda lile shuka lilikuwa linaingia ukungu. Bwana sinema, mtu wa bara mwenye miwani na adabu nyingi, alitaka kila nyumba ilete kata moja ya kunyunyiza. Mtu wa pwani hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Kule juu hakuna kisima. Maji tuliyafuata bondeni, tunatoka alfajiri, tunateremka ule mteremko, tunarudi na kibuyu jua likiwa utosini. Kumwaga maji chini ili uone sinema kulikuwa sawa na kuchinja jogoo ili usikie redio. Lakini tulimwaga.

Na tuliona nini? Zile zile za kuanua nguo. Ilikuwako moja ya kilimo, ya mkulima mchapakazi na mkulima mvivu. Kasoro yake ni kwamba mvivu alichekesha kuliko mchapakazi, na tulipotoka watoto wote wa kijiji cha ujamaa tulikuwa tunatembea kama mvivu. Ya farasi na bastola ilipendeza kwa vumbi, kwa kuwa vumbi tunalijua. Ila niliwahesabia risasi zao na hazikuisha, na siku nzima wanazurura juani sikuona hata mmoja anayechota maji. Ya Kihindi ilikuwa ndefu kama msiba. Wanapendana, wanapotezana, wanaimba chini ya maporomoko ya maji, na mama mmoja nyuma yangu akasema kwa uchungu, "Yote yale, na hakuna hata ndoo iliyokingwa." Kina mama ghala zima wakaguna. Tangu hapo hiyo filamu walikuwa wanaisimulia kwa habari ya yale maji, mapenzi hawakuyakumbuka.

Ya vita nayo ilikuwa ya kawaida, lakini kelele zake zilikuwa nzuri mno. Siku moja tumekaa tunaisifu, tunasema ndege hii sasa inanguruma kweli kweli, mpaka filamu ilipokwisha na ndege ikaendelea. Ilikuwa imepita juu yetu ndege ya kweli. Tulipotoka tulimkuta balozi wa nyumba kumi peke yake handakini, udongo mpaka masikioni, anatutukana mmoja mmoja.

Sasa, bibi yangu. Ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilinukia kisamvu cha karanga na moshi, na msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini, aliichemsha sufuria nzima tukakaa kibarazani tunamenya. Alikuwa mtu wa kuamini alichokiona. Katika ile ya Kihindi kulikuwa na askari mmoja aliyekufa kichwa chake kikiwa mapajani pa mama yake. Bibi alimlilia. Tulirudi nyumbani, hakupika. Baada ya miezi miwili gari likarudi na filamu nyingine, na yule askari huyo hapo, mwizi wa punda, anacheza na wasichana. Bibi alikasirika kama aliyeibiwa machozi. Nikamfuata bwana sinema wakati anazungusha mikanda yake, nikamuuliza, akanieleza. Nikaenda kumtuliza bibi: wale hawafi, bibi, kufa ni kazi yao, utamwona tena kavaa kofia nyingine. Kijiji kizima kikaja kuniuliza habari hiyo. Nilijibu kama mkaguzi wa elimu. Kichwa kilikuwa kimenivimba, sikatai, na hakijarudi ukubwa wake mpaka leo.

Lakini siku ile alipoyasikia hayo, bibi hakucheka. Aliniangalia sana, halafu akasema taratibu, "Basi wapo wanaokufa na hawajafa."

Nilijua anamfikiria nani. Mjomba wangu, kitinda mimba wake, alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kuwasaidia ndugu zetu wa ng'ambo, nami nikiwa mdogo hata sura yake siikumbuki. Nilichojua ni kile kilichosimuliwa: aliwahi kuanguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika bega la kulia, na tangu hapo mzigo wote aliubeba kwa bega la kushoto, kichwa kimeinama upande kama anamsikiliza mtu mfupi. Kisha mkimbizi mmoja akatuletea sweta lake la kijani, lina tundu kifuani. Akasema aliyelivaa walimzika.

Bibi alilikunja lile sweta akaliweka. Alikataa matanga mwaka mzima. Mwishowe nang'olo wa ukoo, yaani mzee wetu, kaka yake bibi, akasema imetosha. Marehemu asiyefanyiwa matanga hapumziki, na wenzake hawapumziki. Siku ikapangwa. Mbuzi akafungwa nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa kwetu jina la mjomba humwendea mpwa, siku hiyo mimi ningevikwa jina lake, niitwe hivyo mpaka kufa. Sikulitaka. Nilikuwa naota natembea ndani ya lile sweta.

Ikiwa imebaki siku tatu, gari la sinema likaja. Kabla ya filamu yenyewe waliweka kipande kifupi cha habari: wapigania uhuru wanapita msituni mstari mmoja, wamebeba masanduku. Hakina sauti, kinatetemeka. Wanapita, wanapita. Bibi alikuwa amekaa mbele juu ya gunia. Akasimama, kivuli chake kikajaa kwenye shuka.

"Mwanangu yule," akasema.

Watu wakamwambia kaa, bibi, tunaona kisogo. Hakukaa. Bwana sinema akasimamisha mashine, akamsogelea, akamwamkia shikamoo, akamuuliza ni yupi. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani hakuruhusiwa: akaurudisha mkanda nyuma, akauonyesha tena. Na safari hii sote tuliona. Mtu wa tano, sanduku bega la kushoto, kichwa kimeinama upande. Uso hakuugeuza.

Ghala likawa kama baraza. Wengine wakasema ndiye. Nang'olo akasema, "Dada, ulimlilia Mhindi naye akarudi anacheza. Sinema si shahidi." Bibi akamjibu kwamba sweta nalo halina mdomo. Walibishana mpaka wakachoka, halafu bibi akanigeukia, na watu wote wakanigeukia.

"Wewe ndiye unayezijua hizi," akasema. "Niambie mbele ya nang'olo. Mwanangu yu hai?"

Rafiki yangu, nilikuwa najua kitu. Bwana sinema alikuwa amenieleza siku za nyuma kwamba picha za habari huchelewa, huzunguka nchi nzima mwaka, pengine miwili, kabla ya kufika kwetu. Mtu anayetembea kwenye shuka anaweza akawa amekwisha kuzikwa na sweta lake likarudishwa kwao. Nilimtazama bwana sinema, akawa anafuta miwani. Nikafikiria lile jina. Nikamwangalia bibi.

"Yu hai, bibi," nikasema. "Waliokufa hawaonyeshwi wakitembea."

Nilitunga sheria hapo hapo, na walivyokuwa wananiamini, wakaikubali. Mbuzi akafunguliwa.

Basi ndipo adhabu yangu ilipoanza. Kesho yake alfajiri bibi akanipa vibuyu viwili badala ya kimoja. Cha pili kilikuwa cha mjomba. Akirudi, asikute nyumba haina maji ya kumnawisha miguu. Kila baada ya siku mbili maji yake yanamwagiwa kuku, na mimi nateremka tena. Misimu miwili ya korosho nilipanda ule mlima na uongo wangu mgongoni, una maji ndani, unacheza cheza. Nikimwona yule mbuzi anazaa, moyo unaniuma. Nilijisemea, kama amekufa, basi ni mimi niliyemnyima matanga, anatangatanga kwa sababu yangu. Gari la sinema likija nilikuwa najificha. Filamu zote za miaka ile, nzuri na mbaya, sina maoni nazo.

Vita vikaisha. Wakimbizi wakaanza kurudi kwao, watu wakapita makundi kwa makundi. Siku moja, msimu wa mabibo, njia nzima inanukia utamu, napanda na vibuyu vyangu, nikasikia mtu nyuma anahema. Mwanamume mwembamba, ndevu, viatu vimefungwa kamba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia nipe kimoja nikusaidie. Tukapanda. Baadaye akauliza maji mengi hivi nampelekea nani.

"Kimoja cha bibi, kimoja cha mjomba."

"Mjomba mwenyewe mvivu wa kuteremka?"

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa mgeni, anapita tu. "Nadhani amekufa," nikasema. "Ila nilimwambia bibi yu hai."

Akauliza bibi yangu ni nani, nikamtajia. Nilipogeuka nimtazame ndipo nilipoona: kibuyu kiko bega la kushoto, na kichwa kimeinama upande kama anamsikiliza mtu mfupi.

"Basi ngoja niyanywe kabisa," akasema, "kabla mwenyewe hajafufuka akayadai."

Nilikaa chini palepale njiani. Kibuyu cha bibi kikanitoka, kikateremka mlima mzima peke yake, nami nikakiangalia kinavyokwenda, nikacheka mpaka nikalia. Nimepata fedha maishani, nimepata heshima, lakini wepesi ule wa mgongo sijaupata tena.

Sitakueleza habari ya bibi kumwona mwanawe. Hakupiga kelele. Alimshika lile bega bovu, akalibonyeza kama anayechagua embe, akasema, "Hujala." Jioni, tumekaa na ugali wa muhogo, nang'olo akasimulia habari ya sinema, na mimi nikaanza kujitapa upya, kwamba ni mimi niliyesema. Mjomba akaacha kula.

"Mimi sikubeba masanduku," akasema. "Nilikuwa mpishi, kambi ya mbali huko ndani. Mtu wa kupiga picha hakufika kwetu hata siku moja."

Sweta alimpa mwenzake aliyekuwa na homa, naye ndiye aliyepigwa risasi wakamzika. Na yule wa kwenye shuka? Mjomba akatikisa kichwa. Wengi, alisema, walikuwa na bega bovu.

Nikamtazama bibi, naogopa sasa atanigeukia. Alikuwa anachovya tonge. "Basi yule naye arudi kwao," akasema. Na kesho yake alfajiri, rafiki yangu, akanipa vibuyu viwili, cha pili cha yule wa kwenye shuka.

Siku hizi Mnyambe kuna bomba. Ghala lipo, paa limebanduka upande mmoja na mbuzi hulala humo. Bwana sinema hatukumwona tena baada ya redio kuenea, na vijana nikiwasimulia kwamba tulimwaga maji ili tuone picha, wanadhani naongeza chumvi. Mjomba aliishi mpaka akazeeka, akafa kitandani kwake, na jina lake nikalichukua kwa furaha. Ndilo lililoandikwa juu ya mlango wa nyumba yangu ya wageni.

Na filamu bado naziangalia, zote, hata hizi za kuanua nguo. Wanangu wananicheka kwamba simfuati steringi. Steringi atarudi wiki ijayo. Mimi nawaangalia wale wanaopita nyuma yake. Juzi binti yangu alipofuta machozi akaniuliza, baba, unamtafuta nani?

"Yule aliyepita na sanduku."

"Yupi?"

Alikuwa amekwisha kupita.