Eda Niliyoona Aibu Kuitafsiri

Mama aliumwa kweli. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu Nyamirambo wako wanaosema alikuwa kichaa, wako wanaosema alisingiziwa, na mimi niliyekuwa naye ndani ya nyumba naona wote wanakosea.

Baba alifariki mwanzo wa mvua za masika. Alikuwa fundi cherehani kama babu, aliyetoka pwani na mzigo wa vitambaa akaoa huku huku. Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila wanja, bila kuonana na wanaume wa nje. Kila mjane wa Kiislamu hukaa hivyo. Lakini mwezi wa pili mama aliacha kulala. Alikaa kwenye cherehani ya baba akishona kanzu ya kipimo chake. Akifika kwenye kola anaifumua, anaanza upya. Wakati wa chakula alipakua sahani ya baba na kutukataza kuigusa. Siku moja aliniambia anamsikia akikohoa chumbani. Nilikwenda kutazama. Naona haya kuandika, lakini nilikwenda.

Jirani akasema ni jini. Akaletwa mganga, akamfukiza mama ubani mpaka akatapika, akamchapa nyayo kwa ufito ili jini atoke. Mama hakulia. Aliyelia ni mdogo wangu wa kike, wa miaka mitano. Alimpiga mganga teke la goti, na mganga akasema, "Huyu naye ameshaanza kuingiwa."

Ndipo baba mdogo, ndugu yake baba mwenye duka Kabuga, aliposimama mlangoni na kusema, "Ushenzi huu basi! Kesho tunakwenda kwa daktari." Siku hiyo nilimpenda sana. Nisipoliandika hilo nitakuwa namwonea.

Daktari alikuwa Mzungu kijana, hajui ila Kifaransa. Nyumbani kwetu mwenye Kifaransa nilikuwa mimi tu, mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo nikawekwa katikati. Shuleni nilikuwa Mwislamu peke yangu darasani. Wenzangu waliniita Mswahili, na walivyolitamka neno hilo lilikuwa tusi, kama kusema mwizi. Nilikuwa nimeshajifunza kutotaja mambo ya kwetu mbele ya watu.

"Anatoka nje?" daktari akauliza.

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Anazungumza na watu?"

"Na wanawake tu."

"Anajipamba? Anajitazama kwenye kioo?"

"Hapana. Kioo tumekifunika."

Kalamu ikasimama. "Na uso, mbona ameuficha?"

Hapo ndipo ningesema eda. Sikujua Kifaransa cha neno hilo, lakini ningeweza kuzunguka: mjane, dini, siku zimehesabiwa. Nilitazama sakafu nikasema, "Ndivyo alivyo siku hizi."

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Anauliza kama unalala."

Nilieleza pia kanzu, sahani na kikohozi. Yalikuwa ya kweli. Ila niliyachanganya na eda kama mchele na mawe, na daktari angechambua vipi? Akaandika karatasi, akaigonga muhuri, akatupa vidonge vyeupe. Jina la ugonjwa nilikwenda kulitafuta kwenye kamusi ya shule, nikarudi nimevimba kichwa, nikamweleza baba mdogo: ni ugonjwa ambao mwenyewe hajui kuwa anaumwa.

Juma la pili mama alilala mpaka jua likaingia dirishani. Akaamka, akataka chai, akauliza ugonjwa wake unaitwaje. Nikamtajia. Akajaribu kulitamka, likamshinda, akacheka kidogo.

"Kumbe una jina! Basi si mimi wa kwanza."

Sahani ya baba hakuipakua tena. Mganga hakurudi. Ingeishia hapo ningesema Mungu ambariki daktari yule.

Lakini mama alikuwa haonekani kwenye umuganda, ile kazi ya Jumamosi ya mtaa mzima, na kiongozi wa mtaa akaja kuuliza. Baba mdogo, kwa nia njema, akamfunulia karatasi.

"Iko mgonjwa ya nini? Mimi naona iko sawa tu."

"Ni wa kichwa, mzee."

"Aa! Basi akae. Na ile mikasi ya kukata nguo, muifiche."

Mikasi! Mama alikuwa anasikia nyuma ya pazia. Haikupita wiki, wanawake waliokuwa wakimletea nguo za kushona wakaanza kuzipeleka kwingine. Waliofika waliniuliza mimi, mama amekaa pale pale, "Leo iko aje?" Akinyamaza, wanakonyezana. Akimgombeza mwuza maji kwa kumpunja, wanakonyezana pia.

Eda ikaisha. Mama akaoga, akavaa kitambaa kipya, ukoo ukaja kwa dua. Baada ya pilau baba mdogo akatoa karatasi mfukoni mwa kanzu.

"Shemeji, hatukutupi. Nyumba yako, cherehani yako. Lakini mtoto mdogo hawezi kulelewa na mgonjwa. Atakaa kwangu Kabuga, pamoja na wanangu."

"Shemeji, mimi nina nafuu. Unaniona."

"Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, mwenyewe hajui kuwa anaumwa."

Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa maneno yangu, ya kamusi.

Nikasema, na sauti yangu haikufika hata mkekani, "Daktari hakujua kama ni eda. Sikumwambia."

Shangazi mmoja akacheka. "Huyu naye leo ana mdomo!"

Baba mdogo hakucheka. "Mwanangu, ulimdanganya daktari siku ile, au unatudanganya sisi leo?"

Mama akanitazama kwa muda mrefu. Afadhali angekuwa amekasirika. Kisha akawageukia: "Mtoto hasemi uongo. Na mimi nilikuwa naumwa, siwezi kukana, vidonge vinanisaidia. Lakini kuumwa ndiyo kuacha kuwa mama? Yule mdogo si bado ni wangu?"

Angekana kila kitu, labda wangesitasita. Alisema kweli, wakaichukua nusu. Asubuhi yake mdogo wangu alipandishwa basi la Kabuga na furushi lake.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Yule Mzungu alikuwa ameshakwenda kwao. Aliyekuwepo, Mnyarwanda mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho. "Ungesema siku ile," akasema. Akanifungulia jalada, akaongeza mstari mmoja chini: mgonjwa alikuwa kwenye eda. Wa juu hakuukata. Alisema si wake kuukata. Akaninakilia yote mawili kwenye karatasi nyingine. Nikamsomea baba mdogo, akanirudishia. "Mstari wa juu si bado upo?"

Mama anaruhusiwa kwenda Kabuga Jumapili moja kila mwezi. Mara ya kwanza tulikwenda wote. Mdogo wangu alikuwa amesukwa, ana viatu vipya, anacheza uani na binamu zake. Mama akachuchumaa, akafungua mikono.

Mtoto akasimama mbali kidogo, mikono mgongoni, kama mtu aliyefundishwa.

"Mama, umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Baba mdogo amesema niangalie."

Mama akafungua mdomo, akanyanyua ulimi ili aone hata chini yake. Mdogo wangu akachungulia, taratibu, upande huu na upande huu. Kisha akaja.